Baba Mdogo Haoni Vizuri, na Mimi Nimemwaibisha Mbele ya Watu

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama umri wako haujafikia shikamoo basi ipokee tu hivyohivyo maana mwenzio nimekwama. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kazi yangu ni kupima udongo kwenye mradi wa barabara, maabara yenyewe ni kontena lenye meza mbili, mizani na jiko la kukaushia udongo, na aliyeniingiza kwenye kazi hii ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, aliyenilea tangu nina miaka tisa pamoja na watoto wake bila kunibagua hata kwa kijiko cha mchuzi.

Baba mdogo ndiye msimamizi wa watu wa chokaa, na kazini wote wanamwita Mzee Chokaa. Labda mambo haya huyajui, ngoja nikueleze. Barabara yetu inapita kwenye udongo mfinyanzi mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye viatu mpaka unatembea kama bata, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukijenga juu yake hivihivi lami inabomoka mapema, kwa hiyo tunauchanganya na chokaa ili utulie, yaani mifuko inapangwa kwa kipimo, inapasuliwa, chokaa inasambazwa, mashine inapita kuchanganya, boza linamwaga maji, halafu unashindiliwa na kuachwa na unyevu siku kadhaa mpaka ushike. Umbali wa mfuko hadi mfuko unaandikwa kwenye karatasi kila asubuhi kwa sababu udongo haufanani kila mahali, na balaa limetokea hapo kwenye karatasi.

Tangu mwaka jana baba mdogo alikuwa ananiletea karatasi ile kontenani. "Hebu nisomee mwanangu, miwani nimeisahau nyumbani." Nikamsomea mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, na najua kabisa mtu huyu hana miwani wala hajawahi kuwa nayo. Siku moja nikamwona anamimina chai nje ya kikombe na hajui kama inamwagika. Nikanyamaza. Nilijiambia akitaka kusema atasema mwenyewe, na nikikwambia ukweli, nilikuwa naona fahari kidogo, kwamba yeye aliyenifundisha kusoma mizani sasa ananihitaji mimi.

Wiki mbili zilizopita mwanangu aliamka na homa, nikampeleka zahanati, nikafika kazini saa tano na kukuta chokaa imeshasambazwa na mashine imeshapita. Kesho yake nikaenda kupima. Huwa tunachimba kishimo na kunyunyiza dawa ukutani, palipo na chokaa panageuka rangi ya waridi. Nikanyunyiza, pakabaki peusi, waridi hapa na pale tu. Nikachimba shimo la pili, la tatu, mpaka la saba, mambo ni yaleyale kwa mita mia mbili nzima. Karatasi ilisema mfuko kila mita moja na sentimita thelathini, yeye akasoma themanini, tatu akaiona nane, akaitenganisha mifuko mno kwa urefu na kwa upana, chokaa ikatoka kama nusu.

Wakati bado nimepiga magoti mhandisi akafika na wageni wakaguzi. "Vipi, Dada Maabara, tunaendelea?" Nikajibu palepale, watu zaidi ya ishirini wanasikia, "Haiwezekani, mhandisi, huku chokaa ni nusu." Baba mdogo akasogea. "Mifuko nimeipanga mwenyewe, kwa kamba, kama karatasi inavyosema." Mhandisi akamkabidhi karatasi. "Hebu nisomee hapa, mzee." Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, halafu akageuka akaniangalia mimi. Mshauri, aliniangalia kama alivyozoea kule kontenani, anasubiri nimsomee. Nikainamisha kichwa. Dereva wa greda akapaza sauti, "Kumbe Mzee Chokaa anapapasa tu!" na vicheko vikapokezana. Baba mdogo akavua kofia yake ngumu, akaiweka juu ya mifuko mitupu, akaondoka kwa miguu, na nyumbani kwake ni kilomita sita.

Kipande kile kilifumuliwa na kuongezwa chokaa, kazi ya siku nne, nimekipima mwenyewe na kimeshika vizuri. Lakini mimi sijashika. Nimekwenda kwake mara tatu, kila akisikia sauti yangu anaingia chumba cha ndani. Mama mdogo ananipokea mlangoni bila kunikaribisha kiti. "Hakuna anayesema uidanganye barabara," aliniambia, "lakini ungemvuta pembeni. Umemvua nguo mbele ya watu aliowafundisha kazi." Ndugu yangu, mtoto wao niliyekua naye, hapokei simu zangu. Mume wangu anasema kazi ni kazi, nisijisumbue, ila mume wangu hakulelewa na yule mzee.

Sasa mhandisi anataka ripoti yangu kwa maandishi Jumatatu, chanzo kilikuwa nini. Nikiandika uzembe, baba mdogo anaondoka na jina baya baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Nikiandika macho, nimemwanika mara ya pili, na nitaulizwa nilijua tangu lini. Mwenzangu wa maabara anasema niandike kwamba karatasi ililowa na tarakimu zikafutika, yaishe, hakuna wa kulaumiwa. Sili, silali, naomba uniambie nifanyeje.

Mimi, Mpima Udongo.

*

Mwanangu Mpima Udongo,

Marahaba. Umri wangu unatosha na mwingine unabaki. Barua yako nimeiweka juu ya zote kwa sababu Jumatatu haisubiri.

Nianze na lililo jepesi. Kuhusu barabara hukukosea. Juu ya lami ile watapita wajawazito, watoto wa shule na malori ya mizigo, na hakuna hata mmoja wao atakayejua kwamba ulimpenda baba yako mdogo kiasi cha kufumba macho. Ulisema chokaa haitoshi, na kweli haikutosha. Kwa hilo usimwombe radhi mtu yeyote, hata yeye.

Sasa lililo gumu, na usinune. Unalia kwa ajili ya siku moja ya wageni, lakini kosa lako ni la asubuhi zile zote kontenani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Yeye aliyaficha, na wewe ukamshikia pazia mwaka mzima ukaliita heshima. Mwenyewe umekiri palikuwa na fahari ndani yake, na nakupongeza kwa kukiri, wengi hawawezi. Ungemwambia mapema, "Baba, huoni, twende hospitali," angekununia siku tatu, ya nne angekunywa chai. Badala yake ulingoja mpaka mhandisi akamwambia kwa niaba yako.

Mama mdogo naye ana haki yake. Hukuwa na sababu ya kumjibu mhandisi mbele ya umati. Ungesema, "Mhandisi, nipe dakika tano nikuletee majibu," na dakika hizo ungekwenda kwa mzee wako kwanza. Lakini nakuelewa: umepiga magoti kwenye udongo, kilichokushtua kiko mkononi, mkubwa wako anauliza. Mdomo uliponyoka. Wengi wetu mdomo umewahi kututoroka. Huyo dereva wa greda aliyecheka ndiye mwenye deni kubwa kuliko lako, na siku akija kwangu na barua atanitambua.

Fanya hivi. Jumamosi asubuhi nenda kwake, peke yako, bila mume, bila zawadi ya kufunika aibu. Akiingia chumba cha ndani, kaa chini mlangoni useme ukiwa hapohapo. Macho ndiyo yenye shida, masikio yake mazima. Mwambie, "Baba, kuhusu udongo sikukosea. Kuhusu wewe nilikosea." Halafu nyamaza. Usijieleze, usitaje wakaguzi wala homa ya mtoto. Akikutukana, pokea. Akinyamaza saa nzima, kaa saa nzima.

Kisha mweleze habari ya ripoti. Mwambie hutaandika uzembe kwa sababu si uzembe, na hutaandika karatasi ililowa kwa sababu haikulowa. Huyo mwenzako wa maabara anakupa ushauri wa bure wenye gharama: leo tarakimu zimefutika, kesho mtu mwingine asiyeona vizuri atapewa karatasi nyingine, na wewe utakuwa umeshajifunza kusema uongo. Mwombe baba yako ruhusa ya kuandika kwamba macho yake yamepungua nguvu. Akikubali, andika. Akikataa, habari za macho yake mwachie azitoe mwenyewe, lakini yako yaandike yote: kwamba tarakimu ilisomwa vibaya, kwamba kila siku ulikuwa unamsomea wewe, kwamba siku ile hukuwepo na hukumwambia mtu. Unaweza kupewa onyo. Lipokee. Onyo lako litamwondolea nusu ya mzigo, na huo ndio msaada aliokuwa akiutafuta alipokugeukia akiwa na karatasi mkononi. Umalizie ripoti kwa kuomba kwamba kuanzia sasa kipimo kisomwe kwa sauti asubuhi mbele ya kikosi kizima, na mtu wa pili akirudie kabla mfuko wa kwanza haujashushwa.

Kuhusu macho, mimi si daktari. Huenda ni mtoto wa jicho, ukungu ambao wengi hutolewa wakaona tena; huenda ni vumbi la chokaa la miaka yote hiyo; huenda ni jingine. Kesho Ijumaa pita hospitali uchukue siku ya kuonana na daktari wa macho, ili Jumamosi uende na tarehe kamili. Ukimwambia "tutakwenda siku moja," hatakwenda. Ukimwambia "Jumanne saa mbili, nitakupitia," atagomba huku akitafuta shati.

Ila zingatia mpangilio, maana ndipo ulipoteleza mwanzo. Mara ile mhandisi alisikia kwanza, na baba yako mdogo akasikia pamoja na dereva wa greda. Safari hii asikie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na ripoti usiiandike hata mstari mmoja mpaka utoke kwake.