Radhi ya Mama kwa Lori la Kwenye Barafu

S.L.P. 1187,
Al Khuwair,
Maskati, Oman.
14 Oktoba 2002

Mpendwa mdogo wangu Aflah,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, vidole vyote vikiwa mahali pake, maana tangu utusimulie habari za yule mtu wa huko kwenu aliyevua glavu kidogo tu baridi ikamla vidole, nimekuwa nikiviombea dua vidole vyako kimoja kimoja. Kifua je? Kile kikohozi cha mwezi wa sita kimekwisha? Usiniambie kwamba unakula. Niambie unakula nini.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Mama ni mzima, ila magoti humsumbua akipanda ngazi. Shemeji yako Humaid yuko na samaki wake. Kila Ijumaa asubuhi huenda Qantab akanunua kwa wavuvi, na akirudi hutusimulia utadhani amewavua yeye mwenyewe. Joto limeanza kulegea, Shaabani imeingia, na jikoni kwetu kunanuka iliki na bizari kwa sababu Mama ameshaanza kusaga viungo vya Ramadhani.

Najua umeziruka aya hizo mbili kwa macho ukitafuta neno moja tu. Tulia. Nitafika, lakini kwa mwendo wangu. Umetuweka roho juu miezi miwili, na wewe ngoja kurasa mbili.

Nianze na picha, maana kisa chake hujakisikia. Mwaka jana ulituletea picha yako umesimama kando ya lori lako la buluu, na pande zote kweupe mpaka mbingu inapoanza. Nyuma uliandika tu, "Mimi na lori langu, Machi." Basi sisi sote tukasema ni sabkha, lile jangwa la chumvi kama la huku bara. Humaid, aliyewahi kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, akaapa kabisa kwamba ni chumvi, tena chumvi nzuri. Mama akaitia kwenye fremu, akaitundika majlisi, chumba chetu cha wageni, na kila mgeni akaambiwa, "Mwanangu huyo, anapita jangwa la chumvi la Kanada." Jirani yetu Bi Masouda akauliza mbona hakuna ngamia. Mama akamjibu kwamba labda baridi imewamaliza.

Mwaka mzima tuliishi na jangwa hilo. Halafu ikaja barua yako ya Agosti, nami kwa haraka zangu nikaisoma kwa sauti kabla ya kuipitia. Kumbe lori lilikuwa limesimama juu ya ziwa. Chini ya tairi barafu, chini ya barafu maji, na ndani ya maji samaki wanaogelea. Mama aliinuka, akaitoa picha ukutani, akaitia kwenye droo ya kabati kifudifudi.

Kesho yake ndipo aliponijibu kuhusu radhi uliyoiomba. "Mimi lori limeshanichukulia mmoja," akasema. "Wa pili sitoi."

Wewe ulikuwa mdogo mno, Aflah, lakini mimi naikumbuka mvua ya siku ile Njombe. Baba alikuwa na shehena ya unga ya kupeleka Songea, barabara imekuwa uji mtupu, naye akasema watu wanangoja. Lori likateleza kwenye mteremko. Kofia yake ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango mpaka tulipofunga virago kuja Oman, na Mama hakumruhusu mtu kuigusa.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyokuwa. Huku wewe umeandika kwamba bila radhi ya Mama hutatia saini, na usipotia saini kabla ya katikati ya Novemba kampuni ya huko haitalikatia lori bima ya njia ya barafu msimu huu. Na usipokwenda wewe, watu wa kile kijiji ng'ambo ya ziwa hawana mwingine wa kuwapelekea unga na dizeli, maana yule mzee aliyekuwa akienda ameshaacha kazi. Huku Mama kafunga mlango. Kila nikishika kalamu nikuandikie, naiweka chini.

Nilijaribu kwa njia ya kazi yangu. Nikamwambia, "Mama, usiogope, bima ipo." Akanitazama. "Bima italipa lori," akasema. "Mwanangu je?" Miaka yote niliyokaa kwenye ofisi yetu ya bima pale Wattaya nimejibizana na wateja wa kila namna, wenye haki na wenye uongo, lakini hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ndipo nikakumbuka nakala ya mkataba wa bima uliyonitumia kwa faksi, ukaniomba niupitie kama mtu wa kazi. Nilikuwa nimeutia chini ya makaratasi. Nikautoa ofisini siku moja saa za asubuhi, nikidhani nitaumaliza kabla chai haijapoa. Chai ilipoa, Aflah, na ikatupwa.

Sisi huku tunaandika mambo ya ngamia waliovuka barabara, mafuriko ya wadi, yale mabonde makavu yanayojaa maji ghafla, na magari yaliyozama mchangani. Mwenye lori la matunda hukata bima friji isije ikaharibika, nyanya zikaoza kwa joto. Kwenu nikakuta mnakata bima hita isije ikazimika, nyanya zikaganda zikawa mawe. Nikakuta kwamba usiku gari lazima lichomekwe kwenye umeme, kama jokofu letu la jikoni, lakini ili lipate joto. Nilicheka peke yangu mpaka Shurooq wa meza ya pili akauliza kuna nini. Nilipomsomea, akacheka na yeye. Kisha tukafahamu sote wawili kwamba kuna mahali duniani ambapo baridi ni adui wa chuma.

Na ile njia yenyewe. Mimi njia ninazozijua zimelala pale pale zilipowekwa. Yenu wakati wa kiangazi haipo kabisa, ni maji. Baridi ikija inazaliwa, watu wanaipima unene, na ikishakuwa nene kama mkono wangu kutoka bega mpaka ncha ya vidole, serikali inaifungua na bima inaanza. Wakiifunga, bima inakoma hapo hapo, hata lori likiwa na mzigo. Na lori likizama, kampuni lazima ilipe kulitoa, kwa sababu watu wanakunywa maji ya ziwa lile na dizeli haitakiwi ibaki ndani. Nimeandika mikataba mingi, lakini sikuwahi kuona mkataba unaoyafikiria maji ya kunywa ya watu.

Kilichonishinda kabisa ni kile kifungu cha mwendo. Lori liende polepole, kwa kuwa uzito wake unasukuma wimbi chini ya barafu, na likikimbia, wimbi linatangulia mbele na kuipasua barafu karibu na ufuko. Nilikisoma mara tatu. Gari linaamsha wimbi ndani ya maji ambayo halijayagusa. Nilisema subhanallah kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. Nikatazama nje, malori yamejipanga mzunguko wa Wattaya yanapigiana honi kwenye jua, nikayaona kama watoto wanaocheza.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na wazimu wa barafu. Nikajaza maji sinia la biriani, nikaligandisha, kisha nikaweka juu yake kile kinu cha chuma cha Mama. Barafu ikakaa, haikulia hata kidogo. Mama alikuwa mlangoni anatazama. Alikuja akakibonyeza kinu kwa kiganja, akakiegemea kwa uzito wake wote. Haikupasuka. "Haya," akasema, "na ikiyeyuka?" Haikuchukua muda, joto la jikoni likamjibu, na kinu kikawa kimekaa kwenye maji.

Lakini nilimwona kwamba jambo limemwingia. Alhamisi tukampeleka pwani ya Qurum kupunga hewa, na badala ya kukaa kwenye mkeka alisogea mpaka maji yanapofika, akavua kiatu, akaweka mguu juu ya maji polepole, kama anayepima. Mguu ukazama. Akajaribu tena. Watu walikuwa wakipita na watoto wao na mpira, na yeye hana habari nao. Aliporudi aliniambia, "Ule mkataba wa Aflah unao? Nisomee."

Tulikaa sebuleni na kahawa na tende, mimi nikitafsiri kifungu kimoja kimoja. Nilipofika kwenye mwendo wa polepole alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu maisha yake yote amewaambia madereva wa familia hii waende polepole na hakuna aliyemsikiliza. Nilipofika kwenye vitu ambavyo lazima viwe ndani ya gari, chakula, viberiti, mishumaa na mfuko wa kulalia, akanisimamisha.

"Nani ameandika haya?"

"Watu wa bima, Mama. Watu kama mimi."

"Basi hao wanaogopa," akasema. "Mimi nilidhani ni watu wasioogopa. Endelea."

Nikaendelea mpaka kile kifungu cha kufungwa kwa njia. Nikamweleza kwamba kuna watu kazi yao ni kuitoboa barafu na kuipima, na siku wakiona haifai, wanaweka kizuizi, na hapiti mtu, hata kama ng'ambo wanangoja unga. Mama aliweka kikombe chini.

"Siku ile," akasema, "hakukuwa na mtu wa kuifunga ile njia."

Nililia, Aflah. Sioni aibu kukuambia. Yeye hakulia. Alijifuta mikono kwa leso, akaniambia niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisiongeze langu. Ni haya:

"Mwambie radhi yangu anayo. Inaanza siku njia ikifunguliwa, inakoma siku ikifungwa. Wakishafunga, asipite humo hata hatua moja, hata kama watu wanalia ng'ambo. Hapo simo."

Umesikia? Nimekaa kwenye bima miaka yote hii na sijaona mkataba mfupi namna hiyo, wala unaotolewa na mtu anayejua hivyo anachokitoa. Tia saini. Lakini jua kwamba umetia saini mikataba miwili.

Picha imerudi majlisi. Bi Masouda alipokuja Jumamosi aliambiwa kwamba lile si jangwa, ni maji, na kijana anapita juu yake kwa idhini ya serikali. Bi Masouda alisogea karibu, akavaa miwani, akatazama tairi. Hajauliza habari za ngamia tena.

Sasa furushi linalokuja na barua hii. Mwisho kabisa wa mkataba wako kuna mstari mdogo unaosema kwamba lori likilala, boneti ifunikwe kwa blanketi zito. Nilikuwa karibu kuuruka, nimechoka kutafsiri. Nilipousoma, Mama aliinuka akaenda chumbani, nikasikia anafungua lile sanduku la bati lililotoka Njombe. Alirudi na blanketi la kijivu lenye mistari myekundu. Mimi nilikuwa nimelisahau, na wewe huwezi kulijua. Baridi ya mwezi wa Juni kule, Baba alikuwa akilitoa kitandani usiku na kwenda kuifunika injini, ili asubuhi lori liwake. Mama alilala na kanga mbili, na kulipokucha walikuwa wakigombana. Alikuwa akimwambia kwamba analipenda lori kuliko mkewe.

"Nilimnunia kwa blanketi hili," akaniambia. "Kumbe ndivyo inavyofanywa."

Kwa wiki nzima amelishona. Nje ametia turubai alilolinunua soko la Mutrah, ndani ni lile lile, na pembeni mikanda ya kufungia. Vipimo nilivipata kwenye makaratasi yako, kwa hiyo likipwaya nilaumu mimi. Utaona kwenye pembe moja pana doa jeusi. Nilitaka kulitoa kwa sabuni kabla ya kufunga furushi, Mama akanipokonya blanketi mkononi. Ni oili ya lori la Baba. Amesema ulitumie, likichanika ulishone, lakini usilifue.

Humaid anakusalimu sana, na anakiri mbele ya mashahidi kwamba haikuwa chumvi. Shangazi Shariffa anakuombea, na Bi Masouda anakusalimu na kuuliza samaki wa chini ya barafu wana ladha gani. Nisalimie rafiki zako wote wa huko, na ukifika ng'ambo ya ziwa wape watu wa kile kijiji salamu za mwanamke wa Maskati asiyewajua, aliyekesha akiwawazia unga wao.

Mwenyezi Mungu akutangulie mbele na awe nyuma yako, aishike barafu chini yako kama alivyoishika ardhi chini yetu, na akurudishe kwetu ukiwa na afya na furaha. Amin.

Dada yako akupendaye, anayevihesabu vidole vyako kila siku,

Nasriya