Fimbo Iliyofanana na Antena

Bunia, Jumatatu 6 Mei 2002

Kahawa haikuja tena. Mizani imefunikwa gunia. Nilipanga mafaili yale yale niliyopanga Ijumaa, kisha nikachonga penseli zote. Milio ya risasi mbali, upande wa vilima. Ofisini hakuna aliyeitaja. Mama Bahati, mtunza fedha wetu, alipandisha sauti ya redio tu.

Habari kwa foni ya misheni, redio yao ya kuitana: Mama yu hai. Bado yuko Tchomia, amefichwa nyumbani kwa rafiki yake Mama Furaha, mkausha samaki. Alishuka kununua samaki wakavu kama kawaida yake, barabara ikafungwa nyuma yake. Sitaandika makabila humu. Naandika hivi tu: watu wa baba yangu ndio wanaoshika barabara ya ziwani. Mama ni wa upande mwingine. Mimi nina jina la baba, naweza kupita. Yeye hawezi.

Kabla ya mchana Patron, tajiri wetu wa kahawa, aliniita. Jumamosi anashuka Tchomia kuvua kwa fimbo. Kila mwaka huenda, na anasema vita haikumwomba ruhusa, na yeye hataiomba. Anafahamiana na wakubwa wa barabarani. Mwaka jana samaki alimvunjia fimbo nene mikononi. Safari hii anataka vyombo vyepesi. Alisukuma sanduku kwa mguu.

"Kalani, weye ulisoma. Soma zile karatasi, uchague, na uniambie sababu."

Katika gari iko nafasi ya mtu mmoja wa kushika vyombo. Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Sijawahi kushika fimbo ya kuvulia maishani.

Jumanne 7 Mei

Sanduku lina mambo. Nimeketi nalo tangu asubuhi na kwa muda mrefu sikuogopa kitu.

Fimbo tatu. Ya kwanza ndefu, nene, ndani ya ala ya turubai. Ya pili ya vipande viwili. Ya tatu huingia ndani yenyewe, kipande ndani ya kipande, mpaka inabaki urefu wa mkono kutoka kiwiko. Vigurudumu viwili vya uzi, Patron anaviita mulinee. Nyuzi za nailoni. Chambo cha bati kinachong'aa, kimepindwa kama kijiko, na ndivyo kinavyoitwa: kijiko. Samaki hudhani ni samaki mdogo aliyeumia. Nimekichezesha ndani ya ndoo ya maji. Ningekuwa samaki ningedhani hivyo hivyo.

Karatasi ni za Kiingereza. Nasoma polepole. Uzi mwembamba umeandikwa kilo nne. Sasa inakuwaje uzi wa kilo nne umtoe samaki wa kilo kumi? Swali hili limenikaa kichwani siku nzima. Jibu linasema: fimbo inapinda na mulinee ina breki inayoachia uzi. Samaki havutwi, anachoshwa. Nilijaribu. Nilifunga uzi kwenye gunia lenye mawe. Kwa mkono, ukakatika mara moja. Kwa fimbo, gunia lilisogea sakafuni pole pole kama mgonjwa anayekubali kutembea.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikamkumbuka Mama.

Alhamisi 9 Mei

Uani, mazoezi ya kurusha. Kidole kinashika uzi, mkono unakwenda nyuma, unakuja mbele, kidole kinaachia. Ukiachia mapema kijiko kinapanda mbinguni. Ukichelewa kinachimba ardhi miguuni pako. Kati ya hayo mawili kuna mahali padogo sana.

Kijiko cha tatu kilikwenda kwenye kamba ya nguo na kunasa kitenge cha Mama Bahati.

"Kalani, weye unavua banamuke sasa?"

Walinzi wa lango walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Bahati hakumaliza. "Huyu Patron anamupeleka, na samaki ya kwanza ni kitenge yangu. Samaki ya Tchomia ibaki tu na amani."

Niliona aibu. Niliendelea. Jioni kijiko kiliingia ndani ya beseni mara nne mfululizo. Mikono yangu haikutetemeka. Jambo la ajabu: mikono hii hutetemeka hata ninapopiga mhuri.

Ijumaa 10 Mei

Nimechagua fimbo inayoingia ndani yenyewe. Uzi wa kilo nne. Vijiko vitatu vidogo. Kulikuwa na kifurushi cha waya mwembamba pia, nimekiacha. Karatasi inasema ni kwa samaki wenye meno, nami nataka vyombo vyepesi.

Patron nilimwambia sababu: nyepesi kwa mkono, chambo kidogo huonekana chakula cha kila siku. Yote kweli. Sababu ya kwanza sikumwambia. Fimbo ndefu ndani ya ala ya turubai, kwa mbali, ni bunduki. Nimeona kijana akipigwa barabarani kwa sababu ya mwavuli.

Kisha nilimweleza habari za Mama. Nilidhani atakasirika. Alitazama dirishani.

"Mi nabeba mutu ya kushika vyombo. Na kurudia, nanunuaka samaki. Kama kati ya vikapu iko mama moja, gari ni kubwa."

Akarudi kwenye hesabu zake.

Jumamosi 11 Mei. Tchomia

Naandika nimekaa nyuma ya banda la kukaushia samaki. Mama yupo ndani. Nimemgusa. Amekonda. Aliuliza kwanza kama nimekula.

Sasa barabara. Kizuizi kikubwa kiko juu, kabla mteremko haujaanza kwenda ziwani. Mti umelazwa njiani, watu sita wenye silaha. Patron alisalimiwa vizuri. Mimi nilitoa kitambulisho, wakasoma jina la baba, wakanirudishia. Nikaanza kupumua. Hapo mmoja mwenye kofia ya sufu akafungua mfuko wangu.

Alishika fimbo. Akavuta ncha. Ikatoka. Akavuta tena, ikatoka tena. Kila kipande kikizaa kingine. Ikawa ndefu kuliko yeye, nyembamba, inayumba. Kisha akatoa mulinee, akazungusha mkono wake. Ikalia kri-kri-kri.

"Hii ni antene. Na hii ni ya kuzungusha, ya kupatia foni umeme. Unaita nani?"

Nilikuwa nimeogopa bunduki, nikawachagulia redio. Mpelelezi. Huko nyuma watu wameuawa kwa hilo. Patron alianza kueleza, wakamwambia anyamaze kidogo, muzee. Nilisema jambo moja tu: niruhusuni niirushe.

Nilifunga kijiko pale pale. Nililenga kopo tupu upande wa pili wa barabara. Sikulipata. Kijiko kilianguka karibu nalo, kwenye vumbi, nikakirudisha kikirukaruka. Wote sita waliinama kukitazama.

"Tena," alisema mwenye kofia.

Nilirusha tena na tena. Mmoja wao aliomba kujaribu mwenyewe, akanasa gari la Patron. Wakacheka. Lakini mwenye kofia hakucheka sana. Kwao ni Kasenyi, huko huko ziwani, alisema, baba yake alikuwa na mitumbwi miwili.

"Mukirudia kesho, nione samaki ya hii kitu. Siyo ya kununua. Samaki ya wavu iko na alama kwa mashavu, mi najua. Ya ndoano iko na kitundu kwa kinywa. Kama hakuna, basi ilikuwa antene."

Kwa hiyo ni hivyo. Nisipomvua samaki, tumekwisha sote watatu, Mama akiwa kati ya vikapu.

Mchana nimerusha kutoka kwenye mawe. Maji yanang'aa, milima ya Uganda iko ng'ambo kama moshi. Patron ameniachia fimbo niliyomchagulia, anavua kwa ile ya vipande viwili aliyokuja nayo mwenyewe, hajapata kitu, ana furaha tu. Mimi nimepata mishtuko miwili mikali. Mara zote mbili uzi ulikatwa safi, kama kwa wembe. Vijiko viwili vimekwenda. Mama Furaha alitazama ncha ya uzi, akasema ni ngasa, samaki mwenye meno kama ya mbwa.

Waya niliuacha Bunia. Kwa makusudi. Kwa wepesi. Mimi ni mjinga mwenye diploma.

Kijiko kimoja kimebaki.

Jumapili 12 Mei. Bunia, alasiri

Tuko nyumbani. Naanza na hilo.

Alfajiri Mama alinikuta nimekaa na kijiko mkononi. Nilimweleza. Alikwenda kwenye chanja za kukaushia samaki, zile za wavu wa waya, akafumua uzi mmoja wa waya wenye masizi. Mama Furaha alimwambia asiharibu chanja yake. Mama akamjibu, "Nikikufa barabarani nitakulipa na nini?" Wakacheka wote wawili. Sikuelewa wanawezaje. Wamekaa chumba kimoja kwa majuma, watu wa pande mbili, na wanataniana juu ya kifo kama juu ya chumvi.

Nilisokota waya mbele ya kijiko. Mzito kuliko nilivyotaka. Kijiko hakikuchezacheza vizuri, kiliyumba kama mlevi. Nilirusha mpaka jua likawa kali. Nilikwisha kuacha kutumaini, na nadhani ndiyo sababu nilirusha vizuri. Samaki akashika. Breki ililia. Fimbo ilipinda mpaka nikadhani inavunjika, na haikuvunjika. Sikuvuta. Nilimchosha. Kwa muda ule sikuwaza barabara. Niliwaza tu: yuko wapi sasa, anataka nini, ataruka upande gani.

Aliruka mara moja, mwembamba na wa fedha. Alipofika kwenye mawe alikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko tu. Nilimwangukia kwa kifua.

Patron alinunua samaki wa wavu, vikapu vinne. Mama akapanda nyuma, katikati, kitenge kichwani. Wangu nilimweka mapajani.

Kizuizini mwenye kofia alimchukua samaki wangu. Akatazama mashavu. Akafungua kinywa, akaweka kidole kwenye kitundu, akatazama meno.

"Siku mbili. Batu wawili. Na hii ndiyo samaki?"

"Ndiyo, shefu."

"Hata paka ya kwetu itakuchekelea." Alikuwa anatabasamu. Alichagua samaki mmoja mkubwa kwenye kikapu cha Patron, na hapo akamwona Mama.

Patron alisema, "Ule ni mama ya kalani." Hakudanganya.

Mwenye kofia akamsalimu. Si kwa Kiswahili. Kwa lugha ya watu wa baba yangu, ile salamu ndefu ya mkubwa, inayouliza nyumba, watoto, mifugo, mvua. Mama ameishi katika ndoa na baba miaka mingi, anaijua yote. Alijibu. Aliuliza naye. Maneno yote sawa. Lakini kuna sauti fulani asiyoiweza, hajawahi kuiweza, baba alikuwa akimtania nayo mezani. Ilitoka vibaya kama siku zote.

Mwenye kofia alisikia. Nina hakika alisikia. Uso ulisimama. Wenzake walikuwa wanagombania samaki na hawakusikiliza.

Kwetu salamu kwa mama mzima haikatwi katikati. Mama alikuwa amemuuliza habari za mamake, na zamu ya kujibu ilikuwa ya mwenye kofia. Alimtazama. Kisha akajibu. Mamake hajambo, magoti tu. Mama akasema pole ya magoti. Akauliza mvua. Akajibu mvua. Wakafika mwisho, polepole, neno kwa neno, na baada ya neno la mwisho alikwenda mwenyewe kuuinua mti.

Hakutupungia mkono. Mimi sikugeuka. Mpaka tulipoona mabati ya Bunia mkono wa Mama ulikuwa umeshika shati langu kwa nyuma.

Jumanne 14 Mei

Mama aliamka kabla yangu. Alifagia ua wetu, akavuka uzio, akafagia na mbele ya jirani, kama alivyofanya kila siku kabla ya safari. Jirani ni wa watu wa baba. Sikujua atasemaje.

Nilikuwa ndani navaa. Nilisikia mlango wao. Kisha jirani akauliza kama maharage ya sokoni yamepanda tena, na Mama akasema yamepanda, na ni mabaya, yana wadudu. Wakaendelea na maharage.

Nilibaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Nilichelewa kazini.