Dungu na Ukurasa wa Nne

Jumatatu, 12 Mei 2025

Barua pepe imefika. Wananihoji Alhamisi saa nane mchana. Nafasi ya mtafiti mwanafunzi, kompyuta za kwantamu, chuo kimoja Uholanzi. Wameomba wengi, wameitwa wachache, na mmoja wao yuko hapa kijijini Mkongo, anaamia mpunga usiliwe na ndege.

Nimemwambia mama. Kauliza hiyo kompyuta ina tofauti gani na ile ya stesheneri ya Kibiti. Nikasema hii ukiichungulia ikiwa kazini, kazi inaharibika. Kasema basi ni mbovu. Sikubishana. Ubovu huo ndio unaowapa watu ajira huko, na ndio nilioombea nafasi: kuyakamata makosa yake bila kuichungulia.

Mpunga umeanza kukomaa. Alhamisi mchana ni zamu yangu dunguni, juu ya kichanja cha kulindia shamba.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwomba mama tubadilishane zamu. Haiwezekani — ana kliniki ya goti Ikwiriri, tarehe kapewa zamani. Basi nitahojiwa juu ya dungu. Kusema kweli ndiko kwenye mtandao. Huku chini ni bahati tu.

Niliwaandikia kurasa sita. Tano ni maneno. Wa nne ndio hesabu: makosa yasiyokuja moja moja, yanayokuja kwa kundi, na namna ya kuyatambua mapema. Imenila mwaka mzima, tangu nilipokuwa najitolea kufundisha Kibiti huku nikisubiri ajira. Penseli na kifutio, basi. Watu wanadhani kazi hii inataka mashine. Mashine yenyewe sijaiona hata kwa mbali. Kama wataniuliza kitu kimoja tu, kiwe hicho.

Alhamisi, 15 Mei

Haya.

Watu watatu kwenye kioo cha simu: Profesa Verhoef, Bi Anneke mratibu, na kijana mmoja aliyekuwa akiandika tu. Mimi nina kamba tatu mkononi. Kila kamba inakwenda pembe moja ya shamba, imefungwa makopo.

Profesa akauliza, kosa unalikamataje bila kuitazama chembe yenyewe? Nikaanza vizuri. Nikasema mwenyewe humuulizi, unawatazama majirani zake kama wanakubaliana. Papo hapo Mzee Mwinyimvua, dungu la jirani, akapaza sauti: "We Zaitun! Kwelea hao, pembe ya mtoni!" Pembe ile mimi siioni, mti wa mkuyu umekinga. Nikavuta kamba. Makopo yakalia, ndege wakaruka kundi zima, nami nikapiga yowe, maana ndivyo kazi ilivyo. Nikarudi kwenye simu nikasema, kwa mfano, hivyo.

Wakapiga makofi. Bi Anneke akaomba nigeuze kamera aone dungu. Nikageuza. Akaomba aone makopo. Nikamwonyesha makopo. Muda ukaisha.

Ukurasa wa nne haukutajwa.

Jumanne, 20 Mei

Jibu limekuja. Hongera tele. Wananipa nafasi ya — sijaitunga mimi — balozi wa sayansi. Nipige video nikiwa dunguni, niwaeleze watoto wa shule kwantamu kwa mifano ya ndege. Mwaka mmoja, posho nzuri. Nafasi ya utafiti bado wanaitafakari, ila wanaona kipaji changu kiko kwenye kueleza.

Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu. Hesabu ile sikuitoa kwa ndege! Ndege nimeishi nao tangu utoto na hawajawahi kunisaidia hata kujumlisha.

Mama kasema si haba. Wakisema imba, imba, mengine utadai ukishaingia ndani. Mzee Mwinyimvua kauliza kama naye atalipwa, maana sauti iliyowafurahisha ni yake. Ana hoja.

Jumatano, 21 Mei

Nimejibu. Nimeshukuru, kisha nikaomba profesa anihoji ukurasa wa nne peke yake. Nimetuma kabla sijajishauri vinginevyo. Mchana kutwa nimejuta.

Ijumaa, 23 Mei

Kakubali. Jumatatu saa nane, robo saa. Bi Anneke kaongeza mwishoni mwa barua: tafadhali uwe palepale dunguni, profesa aliwapenda sana ndege.

Sitakuwa palepale. Binamu yangu Kudra ana gesti yake Ikwiriri, atanipa chumba mchana ule. Mama atashika dungu, na Mzee Mwinyimvua atamwangalizia pembe ya mtoni kama kawaida. Nimeshapanga yote.

Jumapili, 25 Mei

Mipango yangu. Mzee Mwinyimvua kamaliza kuvuna jana, kashuka, dungu lake liko tupu. Ndege waliokuwa wakigawana mashamba mawili sasa wana moja, letu. Pembe ya mtoni haina wa kuitazama. Na mama na goti lile, peke yake.

Nikasema basi, nabaki. Nihojiwe hapa hapa, wapate makopo yao.

Mama alikuwa anapeta mchele. Hakuinua kichwa. "Ukipiga yowe tena watacheka tena. Nenda. Mpunga nimeulima mie, nitauamia mie." Nikasema mama, utaliwa. "Utakaoliwa utaliwa. Na usinipigie simu kuniuliza wamekula wapi." Naye hatanipigia, kasema, kwa kuwa simu yangu ikiita mtandao hukatika. Sikujua kama analijua hilo.

Mpunga huo ndio chakula chetu cha mwaka. Nilitaka kumshukuru. Nikachukua ungo mwingine nikapeta.

Jumatatu, 26 Mei

Ikwiriri, gesti. Nimeitoa ukutani picha ya maporomoko ya maji, nimekaa mbele ya ukuta mtupu. Kompyuta ya kuazima, mtandao wa simu yangu. Ushungi mweusi. Sina kopo hata moja.

Profesa kaingia peke yake. Neno la kwanza: ndege wako wapi leo? Alikuwa anatabasamu, si mtu mbaya. Nikasema ndege wako na mama yangu, naomba tufungue ukurasa wa nne. Tabasamu likabaki pale, halina pa kwenda. Kasema nimvumilie, faili haliko karibu.

Anatafuta. Ndiyo maana naandika. Anadhani najiandaa.

Bado anatafuta. Basi la Dar linapiga honi nje. Kauliza, ulisema wa ngapi? Wa nne, nikasema, taratibu.

Saa hizi ndipo kwelea hushuka mtoni. Simu iko kimya. Kimya cha mama sikijui maana yake.

Ameupata. Anasoma, midomo inacheza. Ni mtu wa kwanza kuusoma mbali na mimi. Karudi juu, kaanza tena. Amevua miwani. Hatabasamu. Kasema, hapa mstari wa saba, kutoka hapa kwenda hapa, hebu nionyeshe umevukaje —