Badru kambeba Wahiba kwenye zoezi la mafuriko

Zubeda shoga angu, hutaamini. Ndo nimetoka shuleni, kwenye lile zoezi la mtaa la kujiandaa na mafuriko.

Mume wangu kambeba Wahiba wa duka la vipodozi. Mgongoni!

Tulipangiwa: wanaume waokoaji, wanawake wahanga. Mie nikaambiwa nimezimia, nikalala kwenye machela, macho nimefumba. Mara namsikia Wahiba anacheka, "Polepole Badru, utaniangusha." Nikafumbua jicho moja. Mikono kamzungushia shingoni, Zubeda. Shingoni! Na Badru anamwambia, "Usiogope, nimekushika."

Nimekushika!

Sijui niliinukaje. Nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja, bandeji kichwani, napiga kelele, "Mshushe huyo, ana miguu yake!" Watu wakaangua kicheko. Mkufunzi akaniambia, "Mama, si umezimia wewe? Rudi ulale."

Nikarudi nikalala. Ningefanyaje?

Wanasema nina wivu. Sawa, ninao. Lakini mwaka juzi ulikuwepo, maji yalipotuingilia ndani hadi kiunoni. Yale yalikuwa ya kweli, shoga. Badru alibeba TV. Mie nilitoka kwa miguu yangu.