Mashine Isiyomtaka Mama

Jumatatu, 5 Mei
Nimerudi Kongowe na mashine ya boti begani. Boti imebaki Dutumi. Nilikwenda kumchukua Mama ng'ambo ya Ruvu aje kwangu kabla ya Ijumaa. Kwenda, salama. Kurudi naye, katikati ya mto king'ora cha joto kikalia, piii, hakikomi. Nikazima mashine, nikashika kasia, nikamrudisha kwake.

Mama ana mtoto wa jicho. Ijumaa madaktari wa macho wapo Kisarawe. Wakiondoka, hatujui watarudi lini. Nimekasirika. Kesho mashine inakwenda kwa fundi.

Jumanne, 6 Mei
Fundi kafungua pampu ya maji ya kupozea mashine. Mpira wa ndani umechakaa, tumeweka mpya. Tukaijaribu mashine kwenye pipa uani. Inakojoa vizuri, maji ya kupozea yakaruka hadi kwenye kanga alizoanika mke wangu, Rehema. Katusema wote wawili. Raha tupu.

Jumatano, 7 Mei
Raha ya jana imekwisha. Kwenda, kimya. Nikampakia Mama. Kiti chake mbele kabisa, maana mkubwa hakai nyuma, na miguuni magunia mawili ya mpunga, eti haendi kwa mwanawe mikono mitupu. Hatujafika mbali, piii, nikamrudisha tena.

"Mashine hii hainitaki, mwanangu. Na huko Kisarawe siendi."

Kang'ang'ania kuwa ni mkosi. Ukweli anaogopa kisu. Hata mimi naogopa, ila sikumwambia.

Alhamisi, 8 Mei
Rehema kambembeleza kwa simu, Mama kakubali. Mimi wa kuzaliwa ndiye wa kukataliwa.

Nikamfuata tena na boti, Rehema akatusubiri upande wa Dutumi. Tulipokaribia, king'ora tena. Yeye pale ukingoni anacheka huku anapiga kelele: "Baba Zuhura! Mbele kumezama, mashine iko juu, inanyonya upepo!"

Kweli. Mama na mpunga wake wameinamisha boti, tundu la kunyonyea maji liko hewani. Siku zote hizi naisingizia pampu!

Lakini mama mzazi unamwambiaje ahamie nyuma, kwenye moshi wa petroli? Nilizima mashine. Nikasema lililokuwa moyoni: "Mama, njoo ukae karibu na mimi."

Akaja akipapasa. Magunia nikayavutia katikati. Nikawasha. King'ora kimya. Alinishika goti mpaka tukafika. Nampenda bibi huyu, na ubishi wake.

Jumapili, 18 Mei
Jicho moja tayari, linaona. Leo nimemrudisha kwake. Boti nyepesi, hakuna mzigo, nikamwekea kiti mbele, mahali pake. Akakipita, akaja nyuma kwenye moshi. Mbele anaona maji tu, kasema. Huku ananiona mimi.

Mto ulikuwa umepungua. Tulikwenda polepole.