Homonyme wako hataki kula

Kalundu, siku ya yenga, kisha misa

Mudogo wangu Jolie,

Salamu. Siye tuko. Nakuandikia ku karatasi sababu ku telefone nitakutukana.

Kazi ya kubeba magunia ku bandari iko. Maji ya ziwa imerudi mu nyumba, kitanda tumeweka juu ya matofali. Tangu kolera ibebe muke wangu Agnès, minye njo napika.

Audio yako ilifika. Ulisema huku tunazaa sana, bantu bamekuwa bengi, njo maana hewa imeharibika na ziwa inapanda. Ukasema weye umekataa kuzaa juu ya kuokoa dunia. Hiyo ni yako. Lakini batoto yangu bote sita balikuwa pale, bakasikia.

Tangu siku ile homonyme wako, Jolie mudogo mwenye tulimupa jina yako, anasukuma sahani. Nikamuuliza, "Weye, uko mugonjwa?"

"Hapana, papa. Tantine Jolie anasema tuko bengi. Minye njo wa mwisho. Nikikula kidogo, maji itatoka mu nyumba."

Kaka yake Vainqueur akacheka: "Kula, mujinga! Ziwa haikujui!"

Hakukula. Shingo yake imekuwa kama ya kuku.

Weye peke yako huko Bulaya uko na gari, na mashine ya kupasha nyumba moto. Siye bote hapa tuko na taa moja. Halafu ni huyu mutoto njo apunguze kula?

Tuma audio ingine. Hapana kwangu. Muite kwa ile jina yenu, umuambie akule.

Minye kaka yako,
Pitchou