Shati Pana la Bluu

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Hiyo fulana ya kubana usiivue; daktari kasema wiki sita na leo ndiyo kwanza ya pili, najua ubishi wako. Ndoo usinyanyue, vidonda vya kifuani bado vibichi.

~~Usiingie chumba cha cherehani.~~ Ingia, ila piga hodi kwanza.

Lile sanamu la kushonea, nililolijaza pamba kifuani lilingane na wewe ili nikukatie mashati ya kuficha matiti, sijaligusa tangu ulipopasuliwa kuyatoa. Leo asubuhi nimelikuta kifua bapa. Nimelipima kwa futi: ni vipimo vyako vipya. Pamba siioni popote.

Nikaingiwa na hofu, nikalivisha shati lako pana la bluu kulisitiri. Kugeuka tu nichukue mkoba, shati liko sakafuni, na vifungo vyote bado vimefungwa.

Miaka minane nakushonea mashati ya kujificha, nawe hukuwahi kusema unayachukia. Ulikuwa ukishukuru tu. Haya, nimeambiwa.

Nimeenda kununua kitambaa cha shati la kukukaa.

Mama